Mti wa Andry na Mwendo wa Mwanadamu

Mwaka wa 1741 tabibu mmoja wa Paris, Nicolas Andry, ambaye umri wake ulikuwa umekwisha kupita miaka 80, alitoa kitabu juu ya namna ya kuzuia na kusahihisha kasoro za miili ya watoto. Elimu hiyo haikuwa na jina, basi Andry akaliunda mwenyewe kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja maana yake nyofu, na la pili maana yake mtoto. Jina hilo, kwa sura moja au nyingine, lingali likiandikwa milangoni mwa wodi za mifupa ulimwenguni kote. Lakini kilichokaa katika kumbukumbu za watu zaidi ya jina ni picha. Ndani ya kitabu umechorwa mti mchanga uliopinda shina, umefungwa kwa kamba ndefu, mzunguko juu ya mzunguko, kwenye nguzo iliyonyoka. Mguu wa mtoto uliopinda, asema Andry, hutengenezwa kwa njia iyo hiyo: uwekewe bamba la chuma, ufungwe, na kamba ikazwe kidogo kidogo. Picha ni nzuri, na vyama vingi vya madaktari wa mifupa vimeifanya kuwa nembo yao. Ina ila moja tu. Mti hauendi.

Mti wa shambani ukinyoka kazi imekwisha. Mguu wa mtoto ukinyoka kazi ndiyo kwanza yaanza, kwa maana mguu haukuumbwa kusimama tu, bali kuuchukua mwili kutoka hapa hadi pale, hatua baada ya hatua, bila kuumaliza nguvu. Waweza kunyoka kama mkuki na mwenyewe asifike kisimani; na mwingine una kombo, na mwenyewe ashinda njiani asichoke. Kwa muda wa karne mbili na zaidi mafundi wa vyuma vya miguu, yaani vile vifaa vifungwavyo nje ya kiungo ili kukishika na kukiongoza, walishughulika na unyofu. Wakati huo huo wanachuoni wengine, wasiojuana nao, walishughulika na mwendo. Makundi haya mawili yalichelewa mno kukutana, na waliolipia kuchelewa huko ni wagonjwa.

Kiswahili chaonyesha kwamba kazi hizi zaweza kukaa nyumba moja. Kuganga ni kutibu; kuganga vilevile ni kuunga kilichovunjika kwa kukifunga, na gango ni kile kitu cha kuungia. Mganga na gango wana mzizi mmoja. Ulaya mambo hayakuwa hivyo. Tabibu alisoma vitabu vya Kilatini, na aliyeshika nyundo alikuwa mhunzi, mtu wa daraja nyingine. Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa aliyefariki mwaka wa 1590, hakuona haya kuwaendea mafundi wa deraya. Watu waliojua kufua bamba likakaa sawasawa kifuani mwa askari waliweza pia kufua kizibao cha chuma cha mgongo uliopinda, chenye matundu ili kisilemee, na viatu vya kurudisha nyayo zilizogeuka. Baadaye, mwaka wa 1780, Jean-André Venel alifungua huko Orbe, nchini Uswisi, nyumba ya kwanza ya kuwatibu watoto wenye viungo vilivyopinda, akanyosha miguu kifundo kwa kifaa chenye wenzo. Wote hawa walikuwa katika njia ya Andry kabla ya Andry na baada yake.

Lakini aliyeacha alama kubwa kuliko wote katika chuma cha mguu ni Hugh Owen Thomas wa Liverpool, aliyezaliwa mwaka wa 1834 na kufariki mwaka wa 1891. Ukoo wake ulikuwa wa waunga mifupa wa kisiwa cha Anglesey, huko Wales, watu wasio na shahada, ambao maarifa yao yalipita kutoka mikono ya baba hadi mikono ya mwana. Baba yake alihamia Liverpool, akapata wagonjwa wengi na maadui wengi, akaburutwa mahakamani mara kwa mara. Ndipo alipoamua kuwasomesha udaktari wanawe wote watano. Hugh Owen akawa na vyote viwili: shahada ya chuo na karakana nyumbani, mhunzi na mshona ngozi wakifanya kazi chini ya macho yake. Yamkini ndiye tabibu wa kwanza wa zama zake aliyeweza kuchora chuma asubuhi na kukifunga mguuni mwa mgonjwa jioni.

Chuma chake kilikuwa chepesi kueleza. Pete iliyoviringwa ngozi ilizunguka sehemu ya juu ya paja, ikaegemea mfupa wa kukalia. Fito mbili za chuma zikashuka pande zote mbili za mguu. Na katika namna ya kutembelea, ncha za fito zikaingia katika kisigino cha kiatu. Uzito wa mwili ulitoka katika mfupa wa kukalia, ukapita katika fito, ukafika chini bila kuligusa goti. Vita vya mwaka wa 1914 vilipozuka, Robert Jones, mpwa wa mke wa Thomas, alishikilia kwamba askari waliovunjika paja wafungwe chuma hicho tangu uwanjani, na vifo vya majeraha hayo vikapungua sana.

Hapa yafaa kutua kidogo. Thomas alikusudia nini? Maradhi yaliyomshughulisha zaidi yalikuwa kifua kikuu cha viungo, na dawa yake ilikuwa pumziko: kiungo kilicho kigonjwa kisitikisike, mchana wala usiku, kwa miezi mingi. Chuma kile kilifuliwa ili goti lisikunjwe. Kwa kazi hiyo kilikuwa chema kabisa. Karne ya 20 ikaleta polio kwa wingi katika miji ya Ulaya na Marekani, ikawaacha watoto wenye misuli iliyolegea, isiyoweza kushikilia goti; nao wakapewa chuma cha Thomas, au ndugu zake, wakaambiwa waende. Kifaa kilichobuniwa kuzuia mwendo kikageuka kuwa kifaa cha kuendea.

Aliyepata kumwona mtu aliyefungwa chuma cha goti lililokazwa hawezi kuisahau hali yake. Mguu usiokunjika huwa kana kwamba ni mrefu kuliko mwenzake, na ukitaka kupita mbele hugonga ardhi. Basi mwenyewe hana budi kuinua nyonga, au kuupitisha mguu kando kwa nusu duara kama mundu, au kujiinua juu ya vidole vya mguu mzima kila hatua. Mara moja si kitu. Lakini kutoka nyumbani hadi shuleni ni mara elfu kadhaa, na chuma chenyewe kina uzito wake. Watoto wengi walivivua vyuma walipokua, na wakubwa wakawaita wakaidi. Walakini mwili ulikuwa umepiga hesabu ambayo daktari hakuipiga.

Hesabu hiyo ilikuwa ikitafutwa tangu kale, lakini katika nyumba nyingine. Aristotle aliandika kwamba mtu akienda kandokando ya ukuta, na utete uliochovywa wino ukafungwa kichwani pake, mstari utakaochorwa ukutani hautanyoka, bali utapanda na kushuka. Giovanni Alfonso Borelli, ambaye kitabu chake juu ya mwendo wa wanyama kilianza kutoka Roma mwaka wa 1680, baada ya kufa kwake, alitafuta kitovu cha uzito kwa kumlaza mtu juu ya ubao na kuusawazisha ubao juu ya ncha kali. Kisha akasimika miti miwili, mmoja mbele ya mwingine, akaiendea huku akiitazama; akaona ule wa karibu wasogea kulia na kushoto mbele ya ule wa mbali, akajua kwamba mwenye kwenda huyumba pia kwa upande. Majaribio haya hayakuhitaji senti moja, na hata leo mwanafunzi aweza kuyarudia uani.

Mwaka wa 1836 ndugu wawili wa Ujerumani, Wilhelm na Eduard Weber, walitoa kitabu kikubwa juu ya mitambo ya kwendea ya mwanadamu. Walisema kwamba mguu uliopo hewani hupita mbele kama timazi iliyoning'inizwa, kwa uzito wake wenyewe, misuli ikiwa imepumzika. Neno hili lilipendeza wanachuoni kwa miaka mingi. Lililolipinga halikutoka katika hesabu bali hospitalini. Guillaume Duchenne, tabibu wa Kifaransa aliyetumia umeme kuichokoza misuli mmoja mmoja, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka wa 1867 kwamba wagonjwa waliopooza misuli ya kukunja nyonga hawakuweza kuutupa mguu mbele kwa njia ya kawaida. Ilibidi waubebe kwa hila ya kiwiliwili. Kama mguu ungekuwa timazi tu, wangaliendaje hivyo? Vilema wakawasuta wanachuoni. Huu ulikuwa mlango wa kuziunganisha elimu mbili, nao ukabaki nusu wazi kwa miaka 80 mingine.

Sababu moja ya kuchelewa ni kwamba mwendo wa mtu hupita upesi kuliko jicho. Kamera ndiyo iliyoushika. Katika California, mwaka wa 1878, Eadweard Muybridge alimpiga farasi picha nyingi mfululizo. Na katika mabamba 781 aliyoyatoa mwaka wa 1887, baada ya kazi yake katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wamo pia wagonjwa wa mishipa ya fahamu wakienda na miguu yao iliyokaidi. Huko Paris, Étienne-Jules Marey alimvika mtu nguo nyeusi zenye mistari myeupe kandokando ya mikono na miguu, akampitisha mbele ya kitambaa cheusi, na picha moja ikaonyesha hatua nzima kama mfululizo wa vijiti. Mwanafunzi wake Gaston Carlet alikuwa amekwisha kutengeneza, katika mwaka wa 1872, viatu vyenye vyumba vya hewa vilivyoandika kani ya unyayo juu ya ardhi.

Waliofika mbali zaidi ni Wilhelm Braune na Otto Fischer wa Leipzig. Haja yao ya kwanza ilikuwa ya kijeshi: askari abebeshwe mzigo wake wapi asichoke? Mwaka wa 1891 walimfunga kijana mmoja taa nyembamba za umeme mwilini, wakampitisha gizani mbele ya kamera nne. Kumvika kulichukua saa nyingi. Kupiga picha kulichukua muda mfupi sana. Kuhesabu kulichukua miaka. Braune alifariki mwaka wa 1892, na sehemu za kazi hiyo zikatoka moja moja tangu mwaka wa 1895 hadi 1904. Hatua chache za mtu mmoja, mzima wa afya, zilimla mwanachuoni sehemu ya maisha yake. Ni nani angeweza kufanya hivyo kwa mtoto mwenye chuma mguuni, kisha akampa fundi jibu juma lile?

Vita ndivyo vilivyolazimisha jibu. Jules Amar, akiwashughulikia askari wa Ufaransa waliokatwa viungo katika vita vya kwanza, alitengeneza ubao wa kupimia kani ya kila hatua. Baada ya vita vya pili, Marekani ilijikuta na maelfu ya vijana waliokatwa miguu, nao walinung'unika hadharani kwamba miguu ya bandia waliyopewa ni duni. Mwaka wa 1945 serikali ikaanzisha utafiti, na sehemu yake moja kubwa ikaangukia Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, mikononi mwa mpasuaji Verne Inman na mhandisi Howard Eberhart. Eberhart alikuwa mtaalamu wa barabara na njia za ndege. Mwaka wa 1944, katika majaribio ya uimara wa njia za ndege, mguu wake ulipondwa, ukakatwa. Kwa mara ya kwanza mtu aliyepima mwendo na mtu aliyeuhitaji mguu uliotengenezwa walikuwa mtu mmoja.

Kazi yao haikuwa laini. Vijana waliojitolea walitobolewa mifupa, zikachomekwa pini, ili kujua kwa hakika mfupa wa paja na wa ugoko hujizungusha kiasi gani katika hatua. Mwaka wa 1953 Inman na Eberhart, pamoja na J. B. Saunders, walieleza mambo sita ambayo, kwa rai yao, hupunguza kupanda na kushuka kwa mwili, na kwa hivyo huokoa nguvu. Mafundisho hayo yaliingia katika kila kitabu. Yapasa kusemwa kwamba baadhi yake hayakusimama: vipimo vilivyofanywa kuanzia miaka ya 1990 vilionyesha kwamba kuinama kwa nyonga na kukunjika kwa goti lililobeba mwili hupunguza kimo kwa uchache sana kuliko ilivyodhaniwa. Hata hivyo swali walilolileta lilidumu. Mgonjwa akiletwa, lisiulizwe tu limepinda nini. Liulizwe nguvu zapotelea wapi. Henry Ralston, wa maabara iyo hiyo, alionyesha mwaka wa 1958 kwamba mtu akiachiwa ajichagulie mwendo, huchagua ule unaomgharimu kidogo kwa kila hatua ya njia. Watoto walioitwa wakaidi walikuwa na shahidi.

Aliyelichukua swali hilo hadi kitandani mwa mgonjwa ni Jacquelin Perry. Alianza kama mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika jeshi, akasomea udaktari, na mwaka wa 1955 akaingia hospitali ya Rancho Los Amigos, karibu na Los Angeles, iliyojaa wagonjwa wa polio. Yeye na wenzake waliigawa hatua katika vipindi vinane, wakafundisha jicho la kawaida kuangalia kila kiungo katika kila kipindi. Mashine ilikuja kuthibitisha, si kutazama badala yao. Katika maelezo yake unyayo hujiviringisha juu ya ardhi mara tatu: kwanza juu ya kisigino, kisha kwenye kifundo, ugoko ukiinama mbele juu ya wayo uliotulia, na mwisho juu ya mzizi wa vidole. Kwa maelezo hayo hukumu ya chuma ilibadilika. Kifaa kinachokaza kifundo huzuia wayo usilegee na kuburura, nalo ni jema; lakini huiba kujiviringisha kwa pili. Fundi aliyekifunga ana deni, na hana budi kulilipa mahali pengine, katika umbo la kiatu.

Maabara za California zilikuwa na fedha na muda. Afrika ya Mashariki iliyakuta mambo haya kwa mlango mwingine. Katika miaka ya 1960 mpasuaji Ronald Huckstep, wa hospitali ya Mulago na Chuo cha Makerere, Kampala, alikabiliwa na watoto wa polio waliokuwa wakitambaa. Nyonga na magoti yao yalikuwa yamekunjamana kwa miaka ya kukaa chini, na chuma kutoka ng'ambo kilikuwa ghali mno. Huckstep alifungua misuli iliyokazana kwa upasuaji mfupi, akanyosha viungo, kisha akavifunga vyuma vilivyotengenezwa papo hapo kwa fito za kawaida, ngozi na nyayo za mbao. Hapa Andry apasa kupewa haki yake. Goti lililokunjamana haliingii katika chuma chochote, wala halipimiki mwendo kwa kuwa mwendo haupo. Unyofu ndio kizingiti. Chuma cha Kampala kilikaza goti kama cha Thomas, nacho kilikuwa na mzigo ule ule wa nusu duara na kuinua nyonga. Lakini gharama ya hatua hupimwa kwa kulinganishwa na kitu, na aliyekuwa akitambaa mavumbini hakulinganisha na mkimbiaji. Mkosoaji wa maabara akilisahau hilo hukosea kama fundi wa kale alivyokosea.

Nchini Uganda vilevile picha ya mti ilipata ushindi wake ulio kamili. Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa tangu miaka ya 1940, aligundua kwamba mguu kifundo wa mtoto mchanga hurudi kwa plasta zinazobadilishwa kila juma, mara nyingi pamoja na kukata kidogo kano ya kisigino. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu viwili vilivyounganishwa kwa upau, karibu siku nzima kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala hadi afike miaka minne hivi. Kifaa kilichobuniwa Uganda na Michiel Steenbeek hutengenezwa na mshona viatu na mchomelea vyuma wa kawaida, kwa ngozi na chuma cha madukani, nacho kimeigwa katika nchi nyingi. Huo ni mti wa Andry uliofungwa usiku, ungali mchanga. Udongo umewahiwa uli maji, na mtoto akiamka huenda bila chuma.

Kwa wengine mambo si mepesi hivyo. Polio ya virusi vya asili ilitangazwa kuwa imetoweka katika Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani mnamo Agosti 2020, lakini wamebaki watoto waliopooza ubongoni tangu kuzaliwa, wazee waliopata kiharusi, na majeruhi wa barabarani. Kwao chuma kimeacha nafasi kwa plastiki, iliyoanza kuenea katika miaka ya 1960 na 1970: hupashwa moto, huviringwa juu ya sanamu ya plasta ya mguu wenyewe, huvaliwa ndani ya kiatu cha kawaida. Kamera sasa husoma vitone vinavyong'aa, na hesabu za Fischer hufanywa kabla chai haijapoa. Hata hivyo, mwaka wa 2003 ulichapishwa uchunguzi ambao wagonjwa wale wale walipimwa katika vituo vinne, na vituo hivyo vikatofautiana katika ushauri. Mashine hupima vizuri. Kuamua ni kwa mwenye kutazama.

Ndiyo sababu chuo kilichoanzishwa Moshi mwaka wa 1981, kando ya hospitali ya KCMC, kina uzito wake katika historia hii. Hapo wanafunzi wa Tanzania na wa nchi nyingine nyingi hufundishwa maungo ya mwili, mwendo, na kazi ya karakana katika darasa moja, ili mwenye kupasha plastiki awe ndiye aliyemtazama mgonjwa akienda. Deni alilolieleza Perry hulipwa kwa vipande vidogo. Kifundo kikikazwa, fundi humtazama mtoto kwa upande wakati mguu wake umebeba mwili, akipima ugoko umeinama mbele kiasi gani; digrii 10 hadi 12 huwafaa wengi. Ukisimama wima mno, goti husukumwa nyuma na hatua hukatika. Basi kabari ya milimita chache huingizwa chini ya kisigino, ncha ya soli huviringwa kidogo kwa msasa, viatu hufungwa upya, na mtoto huambiwa aende tena hadi ukutani na kurudi.